Mama anaunganisha funga siku mbili ili mwili "ujile" sukari iishe, juzi kaanguka

Sista shikamoo,

Naandika nimekaa kibarazani hapa kwetu Makorora, saa tano usiku hii, mama kalala ndani na kila baada ya muda naingia kumsikiliza kama anapumua sawasawa, kwahiyo nikichanganya maneno unisamehe maana leo usiku wa pili silali.

Mama yangu ana miaka 61, sukari anayo mwaka wa 11 sasa. Dawa zake ni metformini asubuhi na jioni, na kile kidonge kidogo cha glibenklamaidi asubuhi, na ya presha. Sio mnene, tena miaka hii miwili kakonda, ukimuona kwa nyuma na baibui lake unasema msichana. Kliniki alikuwa anaenda vizuri tu, kadi yake imejaa, mpaka mwaka jana dada yake, yaani mama mkubwa yuko Muheza, alipokatwa mguu. Toka siku ile mama kawa mtu mwingine kabisa, hospitali hataki hata kuisikia, anasema dada yake aliingia na kidonda cha kidole akatoka hana mguu.

Sasa miezi miwili nyuma kaka yangu aliyeko Dar akamtumia video kwa WhatsApp. Mle ndani kuna mtu anaongea kwa kujiamini kweli, anasema kuna Mjapani kapewa Nobeli kwa kugundua kwamba ukikaa masaa 72 hujala hujanywa mwili unaanza kujila wenyewe, unakula seli mbovu, unakula mafuta, unakula na kisukari chenyewe, kongosho linazaliwa upya, alafu eti dawa za hospitali ndo zinazoizuia hiyo kazi isifanyike. Anaiita otofaji. Mwisho anauza unga wa kufungulia, pakiti 85,000, na kaka kamnunulia pakiti mbili.

Mama toka nina akili anafunga Jumatatu na Alhamisi, hilo sina neno nalo. Ila baada ya ile video akaanza kuunganisha, anakula magharibi ya Jumapili hali tena mpaka magharibi ya Jumanne, na maji hanywi. Metformini kaiacha, anasema inamkoroga tumbo akiwa hana kitu. Ile ndogo hajaiacha, anaimeza na mate, anasema hiyo ndo inashusha haraka kwahiyo inamsaidia mwili kufanya kazi yake.

Juzi Jumanne baada ya alasiri alikuwa uani anachambua dagaa. Nikasikia kimya. Kutoka namkuta kaloa jasho kama kamwagiwa ndoo, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la shangazi aliyefariki zamani. Nilipiga kelele jirani akaja na mashine yake ya kupimia, ikasoma 2.4. Nikakoroga sukari kwenye maji nikamnywesha kwa nguvu huku yeye anakaza meno anasema anafunga. Baada ya kama robo saa akarudi akili. Sista, badala ya kushukuru kanikasirikia, anasema nimemfunguza bado kidogo tu amalize, na lile jasho zilikuwa sumu zinatoka. Kaka nae kwa simu anasema hivyohivyo. Hospitali hakutaka. Jana na leo anakula kidogokidogo ila Jumapili hii anasema anaanza tena.

Kingine, miguu inamuwaka moto usiku mpaka anashuka kitandani anasimama kwenye sakafu peku. Na mkojo wake una povu, nimeliona chooni, yeye anasema nalo ni uchafu unatoka.

Naomba unieleze kama mtu unayemjua, hii otofaji ni kitu cha kweli au utapeli mtupu? Maana kaka ni msomi na mimi nimeishia la saba, kila nikiongea naambiwa sijui kitu. Na funga yake ya Jumatatu na Alhamisi aiache kabisa? Naogopa nikimwambia aache funga nitakuwa namkataza ibada.

Binti yako, Tanga

---

Marhaba mwanangu.

Kabla ya otofaji na Mjapani na yote, nianze na hiki kidonge kidogo maana hicho ndo kimenifanya nikujibu leoleo. Glibenklamaidi kazi yake ni kulibana kongosho litoe insulini, basi, haliulizi kama mtu kala au hajala. Ukimeza asubuhi inaweza kuendelea kufanya kazi mpaka kesho yake asubuhi. Sasa mtu wa miaka 61, hana chakula tumboni tangu jana yake, hana maji, anaimeza na mate, sukari itaenda wapi kama sio chini? Lile jasho, ile mikono kutetemeka, kukuita kwa jina la marehemu, hiyo ni sukari imeshuka mpaka ubongo hauna cha kula. Chini ya 3.9 tunahesabu imeshuka, 2.4 ni mtu anayeelekea kupoteza fahamu. Hakuna sumu iliyotoka pale. Ungechelewa ungemkuta kalala kwenye zile dagaa, na sukari inayoshuka kwa kidonge hiki ina tabia ya kushuka tena baada ya masaa hata kama kashazinduka, ndo maana mtu wa namna yake tunapenda alazwe aangaliwe walau siku nzima. Wewe ulifanya sawa kabisa, kaka yako asikuvunje moyo, ile sukari uliyokoroga ndo iliyomrudisha mama yenu.

Ikitokea tena (naomba isitokee) ni vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, pima tena, kama bado iko chini rudia, ikipanda mpe chakula cha kukaa tumboni kama mkate au muhogo. Akiwa hajitambui kabisa usimtie kitu mdomoni atapaliwa, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Na kuanzia sasa siku yoyote asiyokula chakula, hicho kidonge asikiguse mpaka daktari aseme. Jumatatu isiwakute nyumbani, mpeleke na kadi yake, na zile pakiti za unga usizitupe, nazo ziende zikaonekane, maana hatujui kilichomo ndani wala kama kinagusa figo zake.

Haya, sasa umeuliza otofaji ni kweli au utapeli. Ni kweli. Usishangae, kitu chenyewe ni cha kweli na kizuri mno, kilichoharibika ni yale maneno aliyobandikiwa mama yako juu yake. Na ntakueleza kama ambavyo ningemueleza yeye, maana kumwambia mtu "huo ni upuuzi" wakati kaona kuna jina la Nobeli hakusaidii, atakuona wewe ndo hujasoma.

Mjapani yupo, anaitwa Yoshinori Ohsumi, na Nobeli ya tiba alipewa kweli mwaka 2016. Lakini hakumfungisha mtu hata mmoja. Alikuwa anachungulia hamira kwenye hadubini, hamira hiihii tunayoumulia mahamri. Alichukua hamira zilizokosa vimeng'enya vya kuyeyushia taka, akazinyima chakula, na ndani ya masaa machache akaona kile kijichumba chao cha kuyeyushia kimejaa vifuko vidogovidogo vimebeba vitu vya ndani ya seli. Akawa kaikuta kazi katikati. Baada ya hapo akatafuta ni jeni zipi (yale maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli) zinazoiendesha, akapata 15, na baadae ikaonekana hata sisi binadamu tunazo zinazofanana nazo. Jina lenyewe otofaji lilitolewa 1963 na Mbelgiji Christian de Duve, maana yake ni kujila. Masaa 72 hayamo, kufunga bila maji hakumo, na kisukari kuisha hakumo.

Inavyokwenda ni hivi. Wewe mtu wa Tanga, ushawahi kwenda Sahare ukaona mafundi wanavyolivunja jahazi lililochoka? Hawalichomi moto. Wanachomoa misumari, ubao uliooza unatupwa, ubao mzima unawekwa pembeni utaingia kwenye chombo kingine. Seli ndo inavyofanya. Ndani yake kuna vitu vinachakaa kila siku, protini zilizojikunja vibaya, na vile vinu vya kutengenezea nguvu, mitokondria, vikizeeka vinaanza kutoa moshi badala ya moto. Basi kinajengeka kifuko chenye kuta mbili kinakizunguka kile kibovu, kinaenda kuungana na kifuko kingine chenye asidi na vimeng'enya kinaitwa laisosomu, mle kinayeyushwa, na mabaki yake mazima yanarudi kutengenezewa vitu vipya. Hii inafanyika hata sasa hivi ndani yako ukiwa unasoma, hata ukiwa umeshiba. Mtu akikosa chakula kwa muda inaongezeka, hapo yule wa kwenye video kasema kweli.

Inayoongoza ni kama swichi mbili. Chakula kikiwa tele na insulini ikiwa juu, kuna moja inaitwa mTOR inasema jengeni, acheni kufagia. Nguvu ikipungua kuna nyingine inaitwa AMPK inasema fagieni, tumieni kilichomo. Mtu mwenye kisukari aina ya 2, hasa aliyeanza na mwili mkubwa, miaka nenda rudi damu yake imejaa chakula na insulini, ile ya kwanza haipumziki, ufagio umesimama kona.

Sasa nisikilize hapa, na hapa ndo ningependa kaka yako asome mwenyewe. Metformini ambayo mama kaiacha, moja ya kazi zake zinazojulikana ni kuiamsha hiyo AMPK. Yaani kwenye maabara ndo dawa inayosukuma upande wa kufagia! Video inasema dawa za hospitali zinazuia otofaji, mama akaacha ile inayoisukuma otofaji, na ambayo ikiwa peke yake ni nadra kumshusha mtu sukari, akabaki na ile inayopandisha insulini na kumwangusha. Kachukua ya hatari kaacha ya salama, na sio kosa lake, ni kosa la mtu anayeongea kuhusu dawa bila kuuliza mtu anameza nini. Kama inamkoroga tumbo, inamezwa na chakula au katikati ya mlo, na ipo ya kutoka polepole, aombe wambadilishie.

Kwanini wanasayansi wameishikilia otofaji kwa watu wa sukari? Kwa sababu ukiangalia sehemu zinazoharibika kwenye kisukari nyingi ni seli ambazo hazijui kuzaa mbadala, zikichafuka zimechafuka, kwahiyo zinaishi kwa kufagia. Anza na kongosho lenyewe. Seli beta, zile zinazotengeneza insulini, ni viwanda vidogo vinavyofanya kazi usiku na mchana na vinatoa makosa mengi. Pamoja na insulini zinatoa protini nyingine inaitwa amilini, na hiyo kwa binadamu ina tabia ya kuganda mabonge mabonge yanayoiua seli. Mwaka 2008 makundi mawili ya watafiti, moja la Japani moja la Korea Kusini, kila moja kivyake, waliondoa jeni moja ya otofaji kwenye seli beta za panya tu, kwingine wakaacha. Wale panya seli zao zikachakaa, insulini ikapungua, sukari ikapanda. Kwahiyo ufagio ukivunjika kongosho linaugua, hilo sasa linajulikana. Ila kutoka hapo kwenda kusema "funga siku tatu kongosho lizaliwe" ni kuruka kutoka Tanga mpaka Pemba kwa mguu.

Sasa lile povu. Mwanangu, povu linalokaa kwenye mkojo wa mwenye sukari miaka 11 tusilipe jina la uchafu unaotoka, linaweza kuwa protini inavuja kwenye figo. Kwenye chujio la figo kuna seli zenye vidole vidole zinakumbatia mishipa midogo, zinaitwa podosaiti, na hizo hazizaliwi tena ovyo, ukubwani ulizonazo ndo hizohizo, kwahiyo kila siku zinajifagia sana kuliko seli nyingi nyingine. Panya walioondolewa otofaji kwenye seli hizo walipozeeka walianza kuvujisha protini kwenye mkojo. Sukari nyingi ya muda mrefu inazichokesha, zinaachia, protini inapita. Na figo ikishachoka, ile glibenklamaidi inachelewa kutoka mwilini, inakaa, inaendelea kushusha. Unaona vitu hivi vilivyoshikana? Mama anakaa siku mbili bila maji kwenye joto hili la pwani, figo zinakauka, kidonge kinakaa, sukari inaanguka. Hata metformini yenyewe ili aendelee nayo lazima figo zijulikane zikoje, ndo maana nataka Jumatatu wampime mkojo wa protini, ile albumini, na damu ya kreatinini. Mwambie daktari kwa mdomo wako kwamba ana povu na kwamba alishuka 2.4, usisubiri kuulizwa.

Na miguu kuwaka. Mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye kidole gumba unaanzia mgongoni kule chini, ni uzi mmoja mwembamba karibu mita nzima, na vile vinu vya nguvu lazima visafirishwe njia yote hiyo na vibovu viondolewe njiani. Sukari ikikaa juu miaka vinaharibika vingi kuliko vinavyofagiwa, na ncha ya mwisho ndo inaanza kufa, ndo maana kunaanza vidoleni, kunapanda kama soksi. Kwa jicho na moyo habari ni ya namna hiyohiyo japo haiendi njia moja, kuna mahali kwenye kisukari otofaji inakuwa ndogo mno na kuna mahali inakuwa kubwa mno, na ikizidi nayo inaua seli, moyo ukiwa mmoja wapo. Fundi asiyejua kuacha anabomoa mpaka ubao mzima. Hilo kwenye video halisemwi kamwe. (Kuhusu miguu uwaambie pia wampime vitamini B12, maana metformini ya miaka mingi inaipunguza na ikipungua nayo inaleta ganzi na moto, na hiyo inatibika.)

Umeniuliza kama kisukari kinaweza kuisha, hukuuliza kwa maneno hayo lakini najua mama ndo anachotafuta. Wapo ambao kimerudi nyuma, sitakudanganya. Uingereza walifanya utafiti, majibu yalitoka 2017, watu wa kisukari aina ya 2 ambao hawajafikisha zaidi ya miaka 6 nacho, wanene, hawatumii insulini, wakapewa chakula kidogo sana cha kunywa kwa miezi mitatu mpaka mitano chini ya wauguzi, dawa za sukari zikasimamishwa siku ya kwanza kwa mpango, na baada ya mwaka karibu nusu yao sukari ilikuwa sawa bila dawa. Lakini angalia vizuri, walikunywa maji, walikula kila siku, walipimwa, na kilichowasaidia ni uzito kupungua, mafuta yakatoka kwenye ini na kongosho. Mama yako ana miaka 11 na hana mwili wa kupunguza, yeye akijinyima anakula nyama ya mapaja yake. Tena kukonda kwake huko kwa miaka miwili kunaniambia huenda kongosho linatoa insulini kidogo sasa, na pengine wakati wa dawa nyingine umefika. Ikiwa ni sindano iwe sindano, sindano haimkati mtu mguu.

Kuhusu funga, mwanangu, mimi sio wa kumkataza mtu ibada na wewe usikae hapo. Ila Suratul Baqara aya ya 184 iko wazi kuhusu mgonjwa, kapewa siku nyingine, na asiyeweza kabisa kapewa kulisha maskini, na hiyo ni ya Ramadhani iliyo faradhi, sasa sembuse Jumatatu na Alhamisi ambazo ni sunna. Na kuunganisha siku mbili bila kufuturu, aende kwa sheikh wake wa msikiti amuulize uso kwa uso, ninavyojua atamwambia Mtume alikataza watu wake kuunganisha. Kwa sasa asifunge kabisa mpaka figo zijulikane na dawa zipangwe upya. Wakimruhusu baadae kufunga siku moja moja, iwe kwa dawa iliyobadilishwa, daku aile karibu na alfajiri asiile saa sita usiku akalala, anywe maji, na awe na mashine. Kujichoma kidole kupima hakufunguzi, mashekhe wengi wamelisema. Ikisoma chini ya 3.9 anafungua palepale, ikipita 16.7 anafungua pia. Na Ramadhani ikikaribia aende kliniki mwezi mmoja na nusu au miwili kabla, asisubiri mwezi uandame.

Alafu ile nafuu anayoitafuta kuna mahali ipo bila kuanguka. Usiku. Akila chakula cha jioni mapema baada ya magharibi, asirudi tena saa nne kwenye mkate na chai ya maziwa, mpaka asubuhi mwili umepumzika masaa ya kutosha, na kwa kidonge sahihi hilo halina hatari. Na kutembea! Mwaka 2012 watafiti waliwakimbiza panya kwenye mashine ya kukimbilia, otofaji ikapanda kwenye misuli na kwenye moyo, na wale panya waliovurugwa jeni wasiweze kuipandisha, mazoezi hayakuwasaidia sukari kama wenzao. Mimi hili ndo napenda kuliko yote maana halina pakiti ya 85,000. Dakika 30 siku tano za wiki, asubuhi kabla jua halijachachamaa, kutoka kwenu kuelekea Raskazone na kurudi, akiwa na viatu vya kufunika vidole, sio ndala, na pipi mfukoni. Hakuna kipimo cha hospitali kitakachomuonyesha otofaji yake imepanda, ila HbA1c, kile kipimo cha damu cha wastani wa sukari ya miezi ya nyuma, atapimwa kila miezi mitatu na hiyo ataiona kwa macho.

Chakula simkatazi bada lake, ule ugali wa muhogo, nampunguzia tu, bonge moja la kiasi cha ngumi yake, samaki na mchicha vijae sahani. Mbaazi za nazi ni nzuri, mahamri moja sio manne. Machungwa ya Muheza ale yenyewe asikamue.

Sasa yeye mwenyewe. Nimesoma barua yako mara mbili na naona mama yako hajadanganywa na video, kaogopa mguu wa dada yake. Mtu akiogopa hivyo anakimbilia popote panaposema hutakatwa. Kwahiyo usianze na ubishi wa Nobeli, wala usimpigie kaka simu mbele yake mkaanza kutupiana maneno, mwambie kaka kando, mtumie hiki nilichoandika, na mwambie hela ya pakiti ya tatu anunulie mashine ya kupimia na vijiti vyake ikae nyumbani kwenu msiwe mnakimbilia kwa jirani. Mama mkubwa wa Muheza hakukatwa mguu kwa sababu alikwenda hospitali, mara nyingi mguu unaondoka kwa sababu kidonda kilikuwa hakiumi na kikakaa wiki nyingi hakijaonekana. Moto anaousikia mama sasa hivi, mwambie hivi, ni mshipa ambao bado uko hai unalalamika, tunachoogopa ni siku utakaponyamaza. Na asisimame tena sakafuni peku.

Kesho jioni kaa nae kitako hapo kibarazani, chukua beseni na maji ya vuguvugu, upime joto kwa kiwiko chako wewe usitumie mguu wake, mkoshe taratibu na sabuni, mkaushe mpaka katikati ya vidole, angalia nyayo zote mbili kwenye mwanga, kisigino, chini ya kidole gumba, kama kuna mpasuko au lengelenge au pamebadilika rangi. Mpake mafuta juu na chini, katikati ya vidole usipake. Asipotaka kuongea msiongee. Akiuliza unafanya nini mwambie Sista kasema hii miguu tutakuwa tunaiangalia kila siku, na Jumatatu asubuhi tunaenda wote, mimi ntakaa ndani na wewe mpaka mwisho.